Umelipia Kiti, Hukulipia Mzigo

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo lililonigusa mfukoni, nalo ni nauli rahisi ya ndege.

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu usiku kutoka Mwanza. Mama alikuwa amelazwa. Kwa barabara kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na ugonjwa haungoji basi. Nikatafuta ndege. Shirika moja, ambalo jina lake nalihifadhi, liliuza tiketi ya kwenda kwa shilingi 190,000. Jingine lilitaka 240,000. Nikachukua ile ya kwanza, kwenda na kurudi, nikajiona mjanja.

Nilifika uwanjani na begi la nguo na boksi la vitu vya mama: maziwa ya unga, shuka na vitenge viwili. Binti wa kaunta akaliweka boksi kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Kaka, hili halimo kwenye tiketi yako."

"Dada, si nimekwishalipa?"

Akanijibu kwa upole, "Umelipia kiti, kaka. Mzigo hukulipia."

Nikatoa shilingi 80,000. Ile tiketi ya 240,000 niliyoikimbia ilikuwa na kilo 23 za mzigo ndani yake. Hesabu nakuachia umalizie mwenyewe. Tena mama alichelewa kutoka hospitali, nikaomba nisogezewe siku ya kurudi. Nikaambiwa tiketi ya aina yangu haibadilishwi wala hairudishiwi fedha. Nilirudi Dar kwa basi.

Sisemi kwamba niliibiwa. Masharti yalikuwapo, kwa herufi ndogo, na mimi ndiye sikuyasoma. Lakini ni vizuri tuelewe biashara hii inavyokwenda.

Southwest ya Marekani ilianza kuruka mwaka 1971 katika jimbo la Texas. Ilijijenga kwa ndege za aina moja, Boeing 737, ili marubani na mafundi wajifunze ndege hiyo tu, na ikazigeuza haraka uwanjani, kwa sababu ndege iliyosimama chini haiingizi fedha. Ulaya wakaiga Ryanair na easyJet. Hapa kwetu tuliionja Novemba 2012, Fastjet ilipoanza safari za Mwanza na Kilimanjaro, na wengi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Iliacha kuruka nchini mwishoni mwa 2018. Kenya wanayo Jambojet tangu 2014.

Pamoja na ubanaji huo wa gharama, mashirika mengi ya namna hii huivunja nauli vipande vipande. Kiti kina bei yake, na vivyo hivyo begi, chakula, kuchagua pa kukaa na kubadili siku. Hata Southwest, iliyojivunia kwa miaka mingi kubeba mabegi mawili bure, ilianza kutoza mabegi mwezi Mei 2025.

Basi tufanyeje? Kwanza, usilinganishe nauli kwa nauli. Linganisha safari nzima: tiketi, kodi, mzigo, na teksi ya kwenda na kutoka uwanjani. Pili, pima mzigo wako nyumbani, au hata dukani kwa jirani mwenye mizani, na kama umezidi, ulipie mapema unaponunua tiketi. Kwa kawaida kaunta ndiko bei hupanda. Tatu, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana kusahihisha herufi moja kunaweza kukugharimu. Nne, usiunge tiketi mbili za mashirika mbalimbali kwa muda mfupi. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakungoja, na hasara ni yako. Tano, safari ambayo hujui mwisho wake, kama ya mgonjwa, nunua tiketi inayobadilishwa, hata kama ni ghali kidogo.

Na wale wanaokwenda Moshi au Bukoba kila Desemba wanajua tangu Januari kwamba watakwenda. Kwa nini wangoje hadi mabasi na ndege zijae?

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, kuna jambo linanikera. Bei ya chini kabisa humwendea mwenye nafasi ya kupanga miezi mitatu mbele. Anayekimbilia msiba au mgonjwa hununua leo kusafiri kesho, na ndiye hulipa zaidi, huku akili yake haipo kwenye herufi ndogo. Huyo hatuwezi kumwambia apange mapema. Kifo hakitoi taarifa.

Tunachoweza kumdai muuzaji ni ukweli wa bei. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2008 inataka nauli itangazwe pamoja na kodi na ada zote zisizokwepeka. Nasi tuombe hayo, na zaidi: bei ya begi la kilo 23 ionekane pale pale penye bei ya kiti, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, kabla mtu hajatoa fedha.

Mama amepona. Maziwa aliyapokea kwa furaha, akauliza niliyanunua shilingi ngapi. Nilimtajia bei ya dukani. Ile ya uwanjani sikuthubutu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.