MUNGANGA ANAJARIBU KWANZA MBALI NA MUTOTO

Mama wapendwa, wengi wenu wakisikia "kupasua kichwa cha mutoto" wanaogopa, wengine wanarudia nyumbani kimya. Mama anajiuliza rohoni: huyu munganga atajifunzia kazi yake juu ya mutoto wangu? Ulizo hilo ni la akili, usilifiche. Mwambie munganga akuonyeshe foto, akueleze atapita njia gani.

Zamani munganga kijana alisimama kando ya mukubwa wake, akatazama, halafu akashika kisu juu ya mugonjwa. Hata leo njo vile. Lakini sasa kuko mashini ya kumusaidia.

Sikieni habari ya mapasa wa Brazili, Bernardo na Arthur Lima. Walizaliwa mwaka 2018, vichwa vimeshikana, hata ubongo na mishipa ya damu. Wanganga wa Rio de Janeiro walishirikiana na munganga Noor ul Owase Jeelani wa London, anayepasua vichwa vya watoto.

Walikamata foto za ndani ya vichwa, zile za skanere, wakazitia katika ordinatere. Kisha munganga anavaa kitu kama miwani minene inayofunika macho kabisa. Haoni tena nyumba alimo: anaona kichwa kikubwa mbele yake, anakizunguka, anafuata mushipa huu, ule ni wa mutoto gani? Anakata. Akikosea, hakuna damu, anaanza tena. Wewe mama unayeshona unajua: tunakata kwanza karatasi, kwa sababu kitenge kikisha kukatwa, kimekatwa. Wa Rio na wa London walivaa miwani hiyo wakafanya kazi pamoja sawa vile wako katika chumba kimoja, na kila mutu alikuwa katika inchi yake. Walijaribu hivi miezi mingi.

Lakini msidanganyike, miwani haikupasua. Walipasua watu, mara 7. Makovu ya upasuaji wa mbele yaliwatia wasiwasi. Mara mbili za mwisho zilikamata saa zaidi ya 33, na watu karibu 100 walisaidia. Mwezi wa 6 mwaka 2022 watoto wakaachana, karibu na miaka 4 ya umri wao.

Halafu mioyo yao ikapiga mbio, na tansio ikapanda sana. Siku ya 4 wakawekwa tena karibu, mikono ikagusana, na mioyo ikatulia.