Alama Hujengwa kwa Ushahidi: Matarajio na Upimaji katika Somo la Historia ya Marekani

Mada kwa semina ya wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani



1. Utangulizi

Wengi wetu tulisoma Bukavu, Goma, Kigoma, Mombasa, au katika makambi ya wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma. Huko tulizoea mwanafunzi kupimwa mwishoni. Anakusanya maarifa kwa miaka, kisha anaingia chumba cha mtihani wa taifa, na majibu ya siku chache yanaamua hatima yake. Watoto wetu wako katika mfumo mwingine. Katika sekondari ya Marekani alama ya historia hujengwa wiki hadi wiki, na kwa sehemu kubwa huitoa mwalimu wa somo mwenyewe.

Dai langu ni hili: anayefaulu somo hili ni mwanafunzi anayejenga hoja juu ya ushahidi na kuikabidhi kwa wakati. Kumsaidia mtoto afike hapo kunawezekana hata kwa mzazi ambaye Kiingereza bado kinamsumbua.

2. Somo linadai nini

Sekondari huchukua miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na katika shule nyingi Historia ya Marekani hufundishwa darasa la 11. Kwa kawaida ni somo la lazima. Anayelifeli hulirudia, ama wakati wa likizo ya kiangazi ama mwaka unaofuata, kwa sababu bila krediti zake, yaani uthibitisho wa kulikamilisha, hapati diploma, cheti cha kuhitimu sekondari.

Upana wake ni mkubwa: wenyeji wa bara hili kabla ya Wazungu, makoloni, Azimio la Uhuru la 1776, Katiba iliyoandikwa 1787, utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, viwanda, uhamiaji, vita vikuu viwili na harakati za haki za kiraia. Baadhi ya majimbo yana mtihani wao, mbali na alama za mwalimu. New York ina mitihani ya Regents, ambako alama ya kawaida ya kufaulu ni 65, na Texas ina mtihani wa STAAR wa historia.

3. Asilimia ileile, maana tofauti

Hapa ndipo wazazi wengi tunapojikwaa. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, 75 ni A na 65 ni B. Kongo, mwanafunzi mwenye asilimia 50 amefaulu. Shule nyingi za Marekani hutumia ngazi hii: 90 hadi 100 ni A, 80 hadi 89 ni B, 70 hadi 79 ni C, 60 hadi 69 ni D, na chini ya 60 ni F. Mzazi anayeona 62 kwenye ripoti na kumpongeza mtoto anapongeza alama iliyo karibu na kufeli.

Herufi hizo hugeuzwa kuwa namba: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Wastani wa masomo yote ndio unaoitwa GPA, na vyuo huuangalia tangu darasa la 9. Kozi za ngazi ya juu, kama zile za AP (Advanced Placement, kozi za kiwango cha chuo), shule nyingi huzipa uzito zaidi katika wastani huo.

4. Namna alama inavyokokotolewa

Mwanzoni mwa mwaka mwalimu hutoa karatasi ya utaratibu wa somo. Inaeleza kila aina ya kazi ina uzito gani, kazi iliyochelewa inakatwa kiasi gani, na kama mtihani unaweza kurudiwa. Karatasi hiyo ni makubaliano kati ya mwalimu na mwanafunzi, na mara nyingi mzazi hutakiwa kuitia saini. Tusitie saini kabla ya kuelewa kilichoandikwa.

Tuchukue mfano. Mwalimu ameweka asilimia 40 kwa mitihani na majaribio, 30 kwa insha na miradi, 20 kwa kazi za nyumbani, na 10 kwa ushiriki darasani. Mwanafunzi ana 88 kwenye mitihani, 82 kwenye insha na 70 kwenye ushiriki. Kazi za nyumbani nyingi hakukabidhi, kwa hiyo ana 40. Jumla yake ni 74.8, yaani C. Angezikabidhi na kupata 90, angekuwa na 84.8, yaani B. Maarifa ni yaleyale. Kilichomshusha ni karatasi zilizobaki kwenye mkoba.

Sifuri moja nayo ina makali. Mwanafunzi mwenye 85 katika kazi nne, akikosa kukabidhi ya tano, wastani wake unashuka hadi 68. Ndiyo maana nawasihi vijana: kazi iliyofanywa nusu ikabidhini. Alama 50 inauma, lakini sifuri inauma zaidi.

5. Insha: mahali alama kubwa zilipo

Mwalimu wa historia haishii kuuliza nini kilitokea. Huuliza kwa nini, kwa kiasi gani, na unajuaje. Tuseme swali ni hili: je, miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe ilibadilisha maisha ya Wamarekani weusi kwa kiasi gani?

Mwanafunzi wa kwanza anaandika kwamba Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliidhinishwa 1865, ya 14 yakaidhinishwa 1868 na ya 15 yakaidhinishwa 1870. Hakukosea hata tarehe moja, lakini swali hakulijibu.

Wa pili anaanza na msimamo: mabadiliko yalikuwa makubwa katika sheria, lakini katika maisha ya kila siku hayakudumu. Kisha anauthibitisha. Utumwa ulifutwa, uraia ukatambuliwa, wanaume weusi wakapiga kura na baadhi yao wakaingia Bunge la Marekani. Baada ya askari wa serikali kuu kuacha kuzilinda serikali za Kusini mwaka 1877, majimbo hayo yakaweka kodi ya kura na majaribio ya kusoma, huku vitisho na mauaji vikiwazuia watu kufika vituoni. Mwaka 1896 Mahakama Kuu, katika kesi ya Plessy v. Ferguson, ikahalalisha ubaguzi wa rangi. Mwishoni anaeleza kwa nini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilihitajika tena 1965, ilhali haki yenyewe ilikuwa kwenye Katiba tangu 1870. Marekebisho yaleyale yamo, ila sasa kila tukio limepewa kazi ya kubeba hoja.

Katika mtihani wa AP wa Historia ya Marekani, insha ya nyaraka humpa mwanafunzi nyaraka saba na hupimwa kwa pointi 7: msimamo pointi 1, muktadha 1, ushahidi 3, uchambuzi 2. Mgawanyo huo wenyewe unaonyesha kinachothaminiwa. Walimu wa madarasa ya kawaida nao hutoa jedwali la vigezo pamoja na insha. Mwanafunzi aliweke mezani kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

Kazi hiyo lazima iwe yake. Kunakili kutoka intaneti bila kutaja chanzo, au kukabidhi insha iliyoandikwa na programu ya akili bandia pale mwalimu alipokataza, huweza kuleta sifuri na adhabu ya shule.

6. Haki ambazo historia yenyewe imezileta

Mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, Mahakama Kuu iliamua kwamba shule za San Francisco ziliwanyima haki wanafunzi wa Kichina kwa kuwafundisha kwa lugha wasiyoielewa bila msaada. Uamuzi huo ulisimama juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka 1982, kesi ya Plyler v. Doe ikazuia majimbo kuwafungia watoto shule za umma kwa sababu ya hali yao ya uhamiaji.

Kwa hiyo mtoto anayejifunza Kiingereza ana haki ya kusaidiwa, na shule ya umma inatakiwa, kadiri inavyowezekana, kutupa taarifa muhimu kwa lugha tunayoielewa; tuombe pia mkalimani. Tusiwafanye watoto wakalimani wa alama zao wenyewe. Sheria nyingine, ya mwaka 1974, inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za shule za mtoto wake. Mtoto akifikisha miaka 18, haki hiyo huhamia kwake.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila mzazi aombe shule imfungulie akaunti ya mtandao unaoonyesha alama, na aitazame kila wiki pamoja na mtoto. Atafute kwanza kazi zisizokabidhiwa.

Pili, mtoto aeleze hoja ya insha yake kwa Kiswahili nyumbani. Mzazi amuulize maswali mawili tu: unajuaje, na nani angekupinga? Anayeweza kuitetea hoja mbele ya mama yake ameshafanya nusu ya kazi.

Tatu, alama ikishuka, mzazi amwandikie mwalimu mapema, katikati ya muhula, aulize ni kazi zipi bado zinaweza kukabidhiwa. Kipindi cha alama kikifungwa, ni vigumu kuzibadilisha.

Nne, vijana wasiogope kuomba madarasa ya AP. Mtoto anayebadilisha lugha kati ya nyumbani na shuleni amezoea kuona jambo kwa pande zaidi ya moja, na somo hili linahitaji uwezo huo.

8. Hitimisho

Watoto wetu wanajifunza historia ya nchi ambayo wengi wao watapiga kura ndani yake. Kujua kutetea jambo kwa ushahidi kutawafaa mahakamani, kazini na kwenye mikutano ya mtaa, muda mrefu baada ya ripoti ya shule kusahaulika. Kabla ya wiki hii kwisha, kila mmoja wetu aiombe ile karatasi ya utaratibu wa somo na aisome pamoja na mtoto wake, mstari kwa mstari.