Biashara au Uhandisi: Uamuzi Unaoanza Senior 5

Mada kwa semina ya wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Buwenge, Wilaya ya Jinja

Utangulizi

Barabara ya kutoka Jinja kwenda Kamuli hupita Buwenge katikati ya mashamba ya miwa. Matrekta yanayovuta matela yaliyosheheni hupishana na bodaboda zinazowapeleka wanafunzi shuleni. Mwanafunzi akiulizwa anataka kusomea nini, mara nyingi hujibu kwa cheo: injinia, mhasibu, meneja. Cheo hueleza heshima anayoitaka. Atashinda kutwa akifanya nini kazini, hilo halimo kwenye jibu.

Mada hii ina hoja moja. Uamuzi kati ya biashara na uhandisi hufanyika mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani, na njia baina ya fani hizo mbili haipitiki sawasawa kwa pande zote. Mhandisi anaweza kusomea biashara baadaye. Aliyeacha fizikia Senior 5 ana kazi kubwa kurudi kwenye uhandisi.

Kazi zilizopo jirani

Kakira ni mahali pazuri pa kuanzia. Kiwanda chake cha sukari, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, hakiishii kwenye sukari. Miwa ikishakamuliwa, makapi yake huchomwa kwenye boila, mvuke ukazungusha mitambo ya kufua umeme yenye uwezo wa zaidi ya megawati 50, na umeme unaobaki huuzwa kwenye gridi ya taifa. Boila na mashine za kukamua ni kazi ya mhandisi mitambo, na kuufikisha umeme kwenye gridi ni kazi ya mhandisi umeme.

Sasa tazama langoni. Trekta linapopanda kwenye mizani, tani zinazoandikwa pale huzaa kazi nyingine nyingi: malipo ya mkulima, makato ya mbolea na mbegu alizokopeshwa, gharama za usafiri, kodi. Hapo wanahitajika wahasibu, maofisa ugavi na watu wa masoko. Mizani ikikosea, mkulima wa Buwenge anaumia. Mkokotoo wa makato ukikosea, anaumia vilevile.

Mfano wa pili uko kwenye Nile yenyewe. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954. Kilomita chache chini yake, Bujagali lilikamilika mwaka 2012 likiwa na uwezo wa megawati 250. Wahandisi walimaliza kazi yao na mitambo inazunguka, lakini umeme wa Bujagali ukawa ghali kuliko wa Nalubaale. Sababu haikuwa kwenye zege wala kwenye nyaya. Mradi ulijengwa kwa fedha za wawekezaji binafsi na mikopo ya mabenki, na marejesho yake yakaingizwa katika bei ya kila yuniti. Mwaka 2018 mikopo hiyo ilipangwa upya, ilipwe kwa muda mrefu zaidi, ili bei ishuke. Maji ni yaleyale, tofauti ilitokana na mikataba.

Magari ya Kiira nayo yana funzo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililoundwa na wanafunzi na walimu wao. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola linalotumia nguvu za jua. Kutoka gari moja la maonyesho hadi kiwanda cha Kiira Motors hapa Jinja, maswali yaliongezeka: nani atauza vipuri, benki gani itamkopesha mwenye mabasi, betri zitanunuliwa wapi na kwa bei gani. Maswali hayo hayakuwa ya wahandisi peke yao.

Hesabu ya Senior 5

Vyuo vikuu vya umma nchini Uganda hupima kwa uzito alama za UACE, mtihani wa mwisho wa Senior 6. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana nayo kwa 2, na masomo ya subsidiary kwa 1. Alama A ni pointi 6, B ni pointi 5. Kwa kozi kama uhandisi umeme, masomo ya lazima ni fizikia na hisabati. Mwenye B mbili hapo ana pointi 30 kabla somo la tatu halijahesabiwa. Aliyechukua historia, uchumi na jiografia, hata akipata A zote tatu, hana pa kuanzia, na hisabati ya subsidiary haimwokoi.

Upande wa pili mambo ni mepesi zaidi. Shahada nyingi za biashara humpokea aliyesoma fizikia, kemia na hisabati. Kwa hiyo mwanafunzi anayeziweza hesabu lakini bado hajaamua, achukue fizikia, uchumi na hisabati. Kombinesheni hiyo inamwachia fani zote mbili. Wasichana wakumbuke pia kwamba tangu mwaka 1990 Makerere huwaongezea pointi 1.5 wanapoomba nafasi.

Aliyekosa alama za kutosha hajafikia mwisho. Uganda Technical College Elgon, Mbale, hutoa diploma za ufundi, na mwenye diploma nzuri anaweza kuomba shahada ya uhandisi kwa njia hiyo.

Ada na mavuno

Shahada ya biashara kwa kawaida huchukua miaka 3, ya uhandisi miaka 4. Hiyo ni mihula 6 dhidi ya 8. Miwa iliyopandwa upya hukomaa kwa miezi kama 18, na machipukizi yake huhitaji zaidi ya mwaka. Shamba moja, basi, litatoa mavuno matatu hivi katika miaka minne, ilhali chuo kinadai ada mara nane. Familia inaweza kukwama muhula wa tatu kwa sababu shamba halijaiva, hata kama lina thamani ya kutosha.

Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imelenga zaidi kozi za sayansi na teknolojia. Mkopo wake hulipia masomo, haulipii chakula wala chumba. Umbali nao una bei yake. Shule ya biashara ya Makerere, MUBS, ina kampasi Jinja na Mbale. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Mbale tangu 1988. Busitema, chuo cha umma kilichoanza mwaka 2007, hufundisha uhandisi wa mitambo ya kilimo, wa maji na wa nguo.

Mapendekezo

Kabla ya kujaza fomu, mwanafunzi azungumze na watu wawili wanaofanya kazi anayoitaka, na awaulize walifanya nini jana. Mzazi athibitishe kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwamba kozi imeidhinishwa na muda wa idhini haujaisha. Wote wafahamu kwamba shahada haimalizi safari: mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhasibu hufanya mitihani ya kitaaluma ya CPA chini ya ICPAU, taasisi ya wahasibu ya Uganda.

Maswali ya vikundi

1. Katika shule yenu, ni nani humsaidia mwanafunzi kuchagua kombinesheni, na hufanya hivyo lini?

2. Familia yenye ekari tatu za miwa ipange vipi ada ya mihula minane?

3. Ni kazi zipi za wahitimu mnazoziona kati ya Buwenge na Jinja, na nani anazifanya sasa?