Sisi Huku ni Wageni

Msikilizaji, juzi dada yangu alinipigia simu ya video kutoka Leicester, Uingereza. Binti yake wa miaka saba alikuwa kakaa chini, kichwa katikati ya magoti ya mama, anafumuliwa nywele alizosukwa Jumapili. Siku mbili tu! Darasani wamemwambia zinanuka, na mwenzake kakataa kumshika mkono kwenye mstari. Dada, vidole vikiendelea kufumua, akamwambia mtoto: "Nyamaza, usome. Sisi huku ni wageni."

Hofu yake ya kulalamika si ya bure; wapo wazazi waliolipia. Ruby Bridges, mtoto Mweusi, alikuwa na miaka sita tarehe 14 Novemba 1960, alipoingia shule ya Wazungu watupu huko New Orleans, Marekani, akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu huku umati ukimzomea. Mama yake, Lucille, ndiye aliyeshikilia aende. Baba yake, Abon, alisita, na kweli akapoteza kazi yake ya kituo cha mafuta.

Lakini mtoto aliyezaliwa Leicester ni mgeni wa nani? Tena yeye hakusikia "vumilia". Alichosikia ni kwamba wenzake wamesema kweli, ndiyo maana nywele zinafumuliwa.

Nikamwambia dada, hebu acha kwanza kufumua. Muulize mwanao: nani kasema, lini, mwalimu alikuwa wapi? Andika maneno yaleyale ya mtoto, weka tarehe, mpelekee mkuu wa shule barua. Malalamiko ya getini hupotea na kengele. Sheria ya Usawa ya 2010 inaikataza shule kumbagua mwanafunzi kwa rangi yake, na Oktoba 2022 tume ya usawa ya huko ilitoa mwongozo: hata kanuni ya shule inayokataza afro, misuko au rasta yaweza kuwa ubaguzi. Kwa hiyo dada haendi kuomba hisani.

Tukiwa katikati ya hayo, mtoto akainua uso kwenye kamera. "Mjomba, kipilipili ni nini?"

Neno hilo hakuliokota Leicester. Alilisikia Tanga, likizo ya mwaka jana, bibi yake alipokuwa akihangaika kumchana. "Na hizi kipilipili zako!" Sebule nzima ilicheka. Nami nilikuwamo.