Kodi ya biashara ndogo: tuulize kila Januari
(Maneno ya katibu mbele ya mkutano wa wanachama)

Kule Nyarugusu tuliuza sabuni na mafuta bila kusikia habari ya DGI. Hapa nyumbani haiko vile.

Mwaka jana miye nililipa mara mbili. Mtu alikuja na karatasi ya Kifaransa, nikaogopa atafunga duka, nikamupa feza mkononi. Hakuniachia kitansi. Alipokuja wa pili, sikuwa na kitu cha kumuonyesha. Feza ya masomo ya watoto ikaishia pale.

Sheria ya Februari 2013 iliweka hivi: mwenye kuuza chini ya milioni 10 za franka kwa mwaka, kodi yake ni franka 50.000. Toka milioni 10 mpaka 80, ni 1% kwa muuza vitu, 2% kwa mwenye kazi ya huduma. Lakini Leta inatoa sheria ya feza kila mwaka, na namba zinaweza kubadilika.

Basi naomba: kila Januari tutume watu wawili wakaulize ofisini, watusomee hapa kwa Kiswahili. Na bila kitansi, usitoe feza.