Wajuzi wa udongo, mushuke Mulongwe
Wakaaji wa Uvira, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe haikuleta maji peke yake: ilishusha udongo na mawe ya milima, ikabeba nyumba na watu. Udongo huo uko na wajuzi wake. INEAC, iliyoanzishwa 1933, ilichora hata ramani ya udongo wa bonde la Ruzizi. Leo kazi hiyo iko kwa INERA, yenye kituo kule Mulungu. Tunaomba wataalamu wa udongo wa inchi yetu wakusanyike katika chama chenye sauti, wasiandikiane wao kwa wao tu. Parseli zinauzwa mpaka kwenye mteremko, na mama anayenunua haambiwi kitu. Wamwambie, mbele ya mvua kurudi.