Balehe si utu uzima




Nimeombwa nizungumze juu ya balehe. Katika mikutano ya namna hii neno hilo hutajwa kwa kunong'ona, na mara nyingi huandamana na malalamiko: vijana hawasikii, wasichana wana kiburi, wavulana wamekuwa wakaidi. Leo napenda tuyaweke malalamiko kando na kulitazama jambo lenyewe, maana huwezi kumwongoza mtu katika njia usiyoijua.

Msingi wa mambo yote haya ni homoni. Hizi ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili, zikaingia katika damu na kupeleka maagizo mahali pa mbali. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, mtaalamu wa Kijerumani Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Walioachwa hivyo hawakuwika, hawakugombana, na upanga wa kichwani mwao haukukua. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, mbali na mahali pake pa asili. Hao walikua majogoo kamili, wakawika na kupigana. Ikadhihirika kwamba amri ile ilikuwa inasafiri ndani ya damu. Jina la homoni lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1905, lilipotumiwa na Ernest Starling mjini London.

Kwa binadamu, amri ya balehe hutoka kichwani. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi, ambayo hutulia kwa miaka mingi ya utoto, huanza kutoa homoni yake kwa vipindi, kwanza usiku wakati mtoto amelala. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi hiyo nayo huziagiza ovari za msichana zitoe estrojeni, na korodani za mvulana zitoe testosteroni. Kwa wasichana wengi mabadiliko huanza kati ya umri wa miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Matiti huanza kuota, na baada ya miaka kama 2 hivi msichana huvunja ungo. Sauti ya mvulana hukwaruza kwa sababu nyuzi za sauti kooni hurefuka na kunenepa. Chunusi, jasho lenye harufu na urefu wa ghafla unaoifanya suruali mpya kuwa fupi kabla ya mwaka kwisha, hayo yote ni kazi ya maumbile. Si dalili za uhuni hata kidogo.

Lakini homoni haziishii katika misuli na ngozi. Hufika katika ubongo pia. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake, huko Marekani, walitoa matokeo ya kupiga picha bongo za watoto na vijana mara kwa mara kadiri walivyokua. Walionyesha kwamba ubongo huendelea kujijenga upya katika ujana wote. Sasa tunafahamu kwamba sehemu zinazohusika na hisia, raha na tamaa huchangamka mapema, ilhali sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka kijana anapokaribia umri wa miaka 25. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo: mwili hutangulia, busara hufuata nyuma kwa miaka mingi.

Pengo hilo linaonekana wazi vijana wanapokuwa pamoja. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 waliocheza wakitazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko wale waliocheza peke yao. Kwa watu wazima, kuwapo kwa wenzao hakukuleta tofauti kubwa. Hivyo basi, kijana anayeruka ukuta wa shule pamoja na kundi lake huenda anaijua hatari vizuri kabisa. Kinachomshinda ni kusema hapana mbele ya wenzake.

Ndugu walimu, hata usingizi una habari yake. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka katika umri huu. Kijana huchelewa kusinzia, naye anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Tukimwamsha kwa kengele saa kumi za alfajiri kisha tukamchapa kwa sababu amesinzia darasani, tutakuwa tunaliadhibu umbile lake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kijana asikanywe, wala kwamba homoni ziwe kisingizio cha kila kosa. Kwa kuwa breki zake bado hazijakaza, hapana budi sisi wakubwa tumpe mipaka iliyo wazi, tena kwa subira. Lakini mtu hawezi kumwita kijana mtoto anapotaka kumchapa, halafu akamwita mtu mzima anapotaka kumwoza.

Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika jamii zetu kuvunja ungo kumehesabiwa kuwa alama kwamba binti "amekua". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo. Sayansi nayo inasema vivyo hivyo. Nyonga za binti aliyevunja ungo karibuni bado zinaendelea kukua. Akishika mimba, mtoto aweza kukwama njiani, na mama akabaki na fistula, au akapoteza maisha. Na ule uwezo wa kupima ahadi za mwanamume aliyemzidi umri bado haujakamilika kichwani mwake.

Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya mimba ataruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Hiyo ni hatua ya haki. Kilicho bora zaidi ni kumkinga asifike huko, na kinga ya kwanza ni maneno yetu. Wazee wetu walikuwa na makungwi na manyakanga, waliowaeleza vijana mambo ya miili yao bila haya. Leo wengi wetu tumeiacha kazi hiyo bila kumkabidhi mtu mwingine, na vijana wanafunzwa na wenzao, ambao nao hawajui.

Naomba basi kila mzazi aliyemo humu, baba kwa mama, azungumze na mwanawe kabla mabadiliko hayajaanza, yaani akiwa na miaka 8 au 9. Na yeyote atakayekuja na posa kwa binti aliye shuleni, ajibiwe kwamba huyo bado ni mtoto.